UZI: Ulinzi shirikishi unaodumu zaidi ya miezi miwili. Vibaka, kelele, vijiwe: tupeane ufundi

Mzee wa Daftari (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Mtindo wa mitaa mingi ya Dar tunaujua. Watu wanakabwa, mwenyekiti anaitisha mkutano, wananchi wanafoka, unaundwa ulinzi shirikishi, filimbi zinalia wiki tatu, halafu kimya. Mwezi wa pili hata anayekusanya mchango haonekani. Uzi huu ni wa kujadili kwa nini inakuwa hivyo na vifanyike vitu gani. Wanaotaka kulalamikia "vijana wa siku hizi" wana nyuzi zao.

Hoja yangu: doria inatakiwa iwe ya mwisho kwenye orodha, sisi tunaianza nayo. Kero za mtaani zina kituo na zina saa. Wapiga roba (wanaokaba watu shingo na kuwaibia) wa uchochoroni hawashindi pale kutwa. Wapo saa 11 alfajiri watu wakiwahi daladala, na kati ya saa 2 na saa 4 usiku watu wakirudi. Kigodoro, yaani ngoma ya muziki wa usiku kucha mtaani, ni Ijumaa na Jumamosi. Kamari ni mchana, nyuma ya banda fulani. Sasa wewe ukipanga doria ya mtaa mzima kuanzia saa 6 usiku hadi saa 10 alfajiri, umezilinda saa ambazo watu wamelala, na saa wanazokabwa umeziacha wazi.

Anzeni na daftari. Kaunta buku moja ya kwaya 3, ikae ofisi ya serikali ya mtaa, wiki 4 kabla ya kununua filimbi hata moja. Safu zake: tarehe, saa, mahali, kilichotokea, kilichochukuliwa, walikokimbilia, hatua iliyochukuliwa. Jina la aliyeibiwa si lazima. Mahali pasiandikwe "kwa Mangi", maana kina Mangi wapo watatu mtaa huo huo. Andika hivi:

"Jumanne, saa 11:20 alfajiri. Uchochoro kati ya msikiti na ukuta wa shule, hatua kama 15 kutoka kwenye mtaro. Vijana wawili, mmoja kapiga roba, mwingine kaingia mfukoni. Simu moja. Taa ya ukutani haiwaki. Wamekimbia kufuata mtaro."

Mistari mitano ya aina hiyo inafundisha kuliko mkutano wa saa tatu. Baada ya wiki 4 chukua karatasi ya manila, chora njia zote, tia nukta nyekundu kwa kila tukio. Mara nyingi utakuta vituo viwili vitatu ndivyo vimebeba mzigo wote. Hapo ndipo mnajua kama mnahitaji doria, taa, au kuongea na mtu mmoja tu mwenye banda.

Mbishi wa Buza

Mkuu, daftari halijawahi kumkamata mtu. Na hao vijana mnaowapa filimbi na virungu ndio hao hao vibaka. Mnampa fisi ulinzi wa bucha.

Mama Filimbi

@Mbishi hoja yako ni ya kweli na ina dawa, watu hawaitumii kwa sababu inachukua siku kumi.

Majina ya wanaotaka kulinda yabandikwe ubao wa ofisi ya mtaa siku 7. Mwenye pingamizi aandike karatasi, ampe mtendaji, si mwenyekiti, kwa sababu mwenyekiti anatafuta kura. Baada ya hapo orodha iende kwa mkaguzi wa polisi wa kata aipitie, ndipo isomwe kwenye mkutano wa wananchi. Anayelipwa asiwe pia mkusanyaji wa mchango. Hapo ndipo ulinzi unapogeuka "toa hela au tutakuona".

Vifaa vya msingi kwa watu wanne: tochi 4 za kuchaji, filimbi 4, vizibao vinavyoakisi mwanga vyenye namba mgongoni, buti, simu moja ya vitochi yenye salio. Namba ya mgongoni ndiyo muhimu kuliko kirungu. Raia akionewa aseme "namba 3", asiseme "mmoja mrefu mweusi". Wasipungue wanne. Wawili wakitenganishwa na kona, kila mmoja yuko peke yake.

Filimbi nazo zipatanwe. Mlio mrefu mmoja: njooni nilipo. Mifupi mitatu: pigeni simu kituoni. Na marufuku kupiga kelele ya "mwizi!". Neno hilo hukusanya watu ambao hawajui kilichotokea, na mawe yanafika kabla ya maelezo.

Kifungu na Aya

Niongezee upande wa sheria, maana wengi wanachanganya vitu vinne.

Mjumbe wa nyumba kumi, yaani balozi, alianza enzi za TANU miaka ya 1960, na tangu vyama vingi virudi 1992 ni kiongozi wa chama. Si mtumishi wa serikali. Usimfanye ndiye mlango wa kupokea malalamiko ya mtaa mzima, wapo majirani wa chama kingine hawatakwenda kwake. Mgambo wana sheria yao ya 1973. Sungusungu walianza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, sheria ikawatambua 1989. Ulinzi shirikishi wa mjini, huu wa polisi jamii uliosukumwa kuanzia 2006 mkuu wa polisi (IGP) akiwa Said Mwema, ni wananchi wanaoshirikiana na polisi. Kizibao hakimfanyi mtu kuwa polisi.

Mnaweza nini? Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu raia kumkamata anayetenda kosa mbele yake, kwa mipaka yake, na inamtaka amkabidhi polisi bila kuchelewa. Hamwezi kumlaza mtu ofisi ya mtaa hadi asubuhi "akili imkae sawa". Hamwezi kuingia chumbani kwa mtu kupekua. Hamwezi kumnyoa, kumpiga, wala kumpiga picha na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na ukimtangaza mwizi asiye mwizi ujue umejitafutia kesi.

Halafu hizi "faini za mtaa", 20,000 kwa asiyelinda, 50,000 kwa mwenye kigodoro. Kijiji kinaweza kutunga sheria ndogo, mtaa hauwezi. Sheria ndogo za mjini hutungwa na halmashauri. Kwa hiyo kama faini haimo humo, mnachokusanya ni hela isiyo na jina. Pelekeni pendekezo kupitia diwani, liingie kwenye kamati za halmashauri. Ni njia ndefu, lakini ikipita mwenye baa mwenye wakili hawezi kuwachezea.

Mbishi wa Buza

Sawa, vizibao na buti. Nani analipa?

Mhasibu wa Kaya

Nilikuwa nasubiri swali hili, ndilo linaloua vikundi kabla vibaka hawajaviua.

Chukua mfano wa mtaa wenye kaya 400, mchango 2,000 kwa mwezi. Kwenye karatasi ni 800,000. Walinzi 6, kila usiku, posho 5,000: 6 × 30 × 5,000 = 900,000. Yaani hata kaya zote zikilipa, bado mna pengo la 100,000. Na hazilipi zote. Zikilipa 60 kwa mia mna 480,000. Mwezi wa kwanza mnakopa, mwezi wa pili walinzi wanadai, mwezi wa tatu wanajilipa wenyewe kwa kusimamisha bodaboda usiku. Mnaona huo "uovu wa vijana" ulikotokea?

Sasa panga kwa daftari la Mzee. Walinzi 4, usiku 17 kwa mwezi (siku nne za wiki zenye matukio), saa za matukio tu: 4 × 17 × 5,000 = 340,000. Kwenye ile 480,000 inabaki 140,000: salio la simu, tochi zinazokufa, kitabu cha stakabadhi, na akiba ya matibabu. Akiba ya matibabu isiguswe. Mlinzi akichanwa na kisu halafu mtaa ukaanza kupitisha kofia, kesho yake hakuna anayevaa kizibao.

Stakabadhi iwe na kopi. Tarehe 5 ya kila mwezi bandika ukutani mapato na matumizi, karatasi moja, hata kwa mwandiko wa kalamu. Mtu akiona "betri 12,000" anajua hela yake ilikokwenda. Na wapangaji msiwasahau: mwenye nyumba anayeishi Tabata hakabwi uchochoroni kwenu, anakabwa mpangaji. Kusanyeni kwa kaya, si kwa nyumba.

Fundi Spika

Tuje kwenye kelele, maana hapo doria haina kazi. Ukienda kumwambia mwenye kigodoro azime saa 7 usiku, kamera zimewashwa na watu wamelewa, umekwenda kutafuta ugomvi.

Nenda mchana, watu wawili, mmoja mwanamke mtu mzima, na mzungumze vitu vya kiufundi. Besi ndiyo inayopenya ukuta wa tofali. Sauti nyembamba hufia njiani. Kwa hiyo kumwambia "punguza sauti" anapunguza muziki, besi inabaki. Mwambie hivi: maboksi ya besi yasiegemee ukuta wa jirani, maana ukuta wenyewe unageuka spika. Yawekwe juu ya mpira mnene au vipande vya tairi, si moja kwa moja kwenye zege. Midomo ya spika itazame barabara kuu, si vyumba. Mita zikiongezeka maradufu mahali pa wazi, sauti hushuka kama desibeli 6, kwa hiyo kusogeza jukwaa kutoka mita 10 hadi mita 20 ni hatua ya kweli kabisa.

Kupima: programu za simu hazitoshi kuwa ushahidi, lakini zinaonyesha mwenendo. Pimia dirishani kwa mlalamikaji, si mlangoni mwa baa. Dakika 10, mara tatu kwa usiku, usiku tatu tofauti. Andika na namba ya wakati muziki umezimwa, la sivyo mwenye baa atasema ni magari.

Akigoma, kuna barua kwa mtendaji, nakala kwa afisa mazingira wa manispaa, halafu NEMC (baraza la taifa la mazingira), ambao kwa kelele wana kanuni za 2015. Ambatanisheni kurasa za daftari. Na kumbukeni mwenye baa haogopi barua yenu, anaogopa leseni ya vileo. Inapofika kuombwa upya, pingamizi lenye tarehe na saa lina uzito kuliko sahihi 200 zisizo na maelezo.

Mpwani wa Kisauni

Salaam ndugu zangu wa bara na visiwani. Huku kwetu Mombasa kanuni za kelele ni za 2009 na zimetaja namba wazi: makazi, nje ya nyumba, desibeli 50 mchana na 35 usiku, na usiku unaanza saa 2. Baa kwa sheria ya vileo ya 2010 ni saa 11 jioni hadi saa 5 usiku siku za kazi. Namba zipo, shida ni nani atakayesimama kuzisema.

Nyumba Kumi yetu ilitangazwa 2013 baada ya shambulio la kigaidi la Westgate, Nairobi. Dhana iliazimwa kwenu. Ilipokwama ni hapa: watu waliona ni kazi ya kupeleka majina kwa chifu. Kwenye mtaa wenye magenge ya vijana wenye mapanga, anayejulikana kwamba "anapeleka majina" halali nyumbani kwake kwa amani. Kwa hiyo mzee wa nyumba kumi asibebeshwe majina. Abebeshwe mahali na saa, kama alivyosema Mzee wa Daftari. "Kona ya kisima, Alhamisi, baada ya isha." Polisi wanajua la kufanya na taarifa hiyo, na hakuna mtoto wa mtu aliyetajwa.

La pili, maskani, yaani vijiwe vya vijana barazani. Msivunje maskani. Vijana wakiwa barazani pa mtu, mwanamke akipita wananyamaza kwa sababu mwenye baraza yupo. Ukiwafukuza watakwenda nyuma ya ukuta, ambako hakuna mwenye baraza. Zungumzeni na wao masharti matatu tu: njia iachwe wazi hatua mbili, hakuna kuita wasichana, na saa 4 usiku spika ndogo inazimwa. Wachague wao msemaji wao. Mkiwachagulia nyinyi, mmechagua adui.

Mbishi wa Buza

Hilo la maskani nakubali. Lakini kuna vijiwe vya mateja (waraibu wa dawa za kulevya), hao utawapa masharti gani?

Nesi wa Zamu

Wale si kijiwe cha kupiga soga, mkuu, ni ugonjwa wenye ratiba. Mtu mwenye arosto (mateso ya kukosa dawa) hawezi kusikiliza mkutano. Anatafuta hela ndani ya saa chache zijazo, ndiyo maana anachomoa koki, ndoo, mabati.

Muhimbili walifungua kliniki ya methadoni, dawa ya kumwachisha mtu heroini, Februari 2011, Mwananyamala na Temeke wakafuata. Dawa ni bure. Anakunywa kila siku mbele ya mhudumu, na dozi moja inamshika kama saa 24, kwa hiyo ile mbio ya asubuhi ya kutafuta hela inakatika. Sharti kubwa ni kufika kila siku. Akikosa siku kadhaa mfululizo, dozi hupangwa upya kuanzia chini.

Sasa angalieni mtaa unavyojiumiza wenyewe: doria inawazoa mateja saa 12 asubuhi "kwa uzururaji", na kati yao wamo wanaokwenda kliniki. Wakikosa dozi siku mbili, mnakuwa mmewarudisha kwenye koki zenu. Walinzi waoneshwe kadi za kliniki zinavyofanana, na mwenye kadi apite. Kupata nafasi, mtaa uwatafute wahudumu wa asasi zinazofuata watumiaji vijiweni. Wao ndio humwandaa mtu na kumfikisha. Mtendaji akimpeleka kwa nguvu, haishiki.

Chuma Chakavu

Nesi kataja koki, niingie hapo. Mnahangaika na anayeiba, mnunuzi yupo mita 300 ana mizani.

Mita ya maji, koki ya shaba, kifuniko cha chemba, waya wa umeme: hakuna anayeviiba kuviweka sebuleni. Nendeni kwa wenye vibanda vya chuma chakavu wote siku moja (ukienda kwa mmoja, mali inahamia kwa mwenzake) mkiwa na mkaguzi wa kata. Makubaliano yawe ya maandishi: daftari la wauzaji lenye jina, namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) na uzito wa mzigo, hakuna kununua baada ya saa 12 jioni, hakuna kununua kwa mtoto, mita ya maji na vifuniko vya chemba havinunuliwi kabisa, hata vikija vimevunjwa.

Waya ndio mjanja. Shaba iliyochomwa ina rangi nyeusi ya masizi na ukiishika inaacha weusi mkononi. Iliyochunwa kwa kisu inang'aa. Mnunuzi anayepokea nyeusi kila siku anajua anachopokea. Na harufu ya plastiki inayoungua jioni kule bondeni iingie kwenye daftari la kero, maana inawaonesha mahali bila kumfuata mtu.

Mama Filimbi

Na taa jamani. Uchochoro wa msikiti ule wa mfano wa Mzee hauhitaji walinzi wanne. Balbu ya LED ya wati 9 ikiwaka saa 12 kwa usiku ni uniti 3 na ushee kwa mwezi mzima. Nyumba sita zikikubali kuwasha ya nje, mtaa uzirudishie hizo uniti za LUKU (umeme wa kulipia kabla) kutoka kwenye mchango. Iwekwe juu ya mkono usiofikika, kama mita 3, ndani ya kizimba cha nondo, na imulike mwisho wa uchochoro, si mwanzo. Ikimulika mwanzo, anayeingia anapofushwa na aliyejibanza ndani anamwona vizuri. Zile za sola hufa mapema kwa vumbi, kwa hiyo awepo mtu wa kufuta paneli kila wiki mbili na atajwe kwa jina.

Ughaibuni Leo

Nipo Uingereza, niongeze dogo. Huku amri za mahakama za mwaka 1998 dhidi ya wasumbufu zilifutwa na sheria ya 2014, na ndani yake kuna haki ya mwananchi kudai kesi yake ipitiwe upya na halmashauri na polisi wakiwa pamoja. Kila eneo linaweka kizingiti chake, na mwongozo unasema kisizidi malalamiko matatu ndani ya miezi sita. Uzuri wake ni kwamba mtu anajua lini anaruhusiwa kupandisha sauti. Mnaweza kujiwekea kizingiti hicho mtaani bila sheria yoyote: kituo kikifika matukio matatu kwa mwezi, mtendaji lazima akiweke kwenye ajenda.

Mbishi wa Buza

Na Panya Road, lile kundi la vijana wa mapanga? Wale watoto wanakuja ishirini kwa mpigo. Kizingiti gani hapo?

Kifungu na Aya

Kundi la mapanga ni kazi ya polisi, msijaribu. Kazi ya mtaa iko kabla na baada.

Baada: tarehe 2 Januari 2015 maduka ya Dar yalifungwa ndani ya saa chache, hata sehemu ambazo hakupita mtu. Chanzo kilikuwa vurugu za vijana waliotoka kumzika mwenzao aliyeuawa na wananchi. Yaani kipigo cha umati kilizaa vurugu, uvumi ukamalizia. Kundi lenu la WhatsApp liwe na sheria moja: hakuna taarifa bila "nimeona mwenyewe, mahali fulani, saa fulani". "Nimeforwadiwa" ifutwe na msimamizi papo hapo.

Kabla: wengi wao ni watoto. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, chini ya miaka 18 ni mtoto. Doria ikimkamata, mzazi aitwe, na afisa ustawi wa jamii wa kata, na dawati la jinsia na watoto kituoni. Msimchanganye na watu wazima. Kabla hajafika hapo daftari litakuwa limeshamwonesha: kijana wa darasa la saba anayeonekana kwenye pool saa 4 asubuhi siku za shule. Mwenye meza ya pool ndiye wa kuongea naye kwanza, kisha mwalimu wa zamu.

Mbishi wa Buza

Haya nimeelewa. Swali la mwisho: hilo daftari mwenyekiti akishindwa uchaguzi akaondoka nalo?

Mzee wa Daftari

Hutokea sana, na uchaguzi wa Novemba 2024 umebadilisha wenyeviti wengi. Daftari lisomeke jalada "Mali ya Ofisi ya Mtaa", kurasa zipigwe namba kwa kalamu kuanzia 1, na litunzwe na mtendaji, ambaye ni mwajiriwa na hagombei. Kila mwisho wa mwezi piga picha kurasa zote, nakala moja akae nayo mtendaji, nyingine mkaguzi wa kata, ya tatu mjumbe mmoja wa kamati aliyechaguliwa na mkutano. Ukurasa ukichanwa, namba zinaruka na kila mtu anaona.

Nitaweka kesho mfano wa karatasi ya mapato na matumizi. @Mhasibu wa Kaya, ukiwahi wewe weka.